Je, kitabu cha sauti kisomwe na mwandishi mwenyewe au na msomaji mwingine?

Msikilizaji wa Tanga (mleta mada)

Wadau, habari za saa hizi. Kazi yangu ni ushonaji, na kwa kuwa cherehani hunishika macho na mikono lakini huniachia masikio, vitabu vingi ninavyovimaliza siku hizi ni vya kusikiliza. Vitatu vya karibuni, vyote vya Kiingereza, vimenifanya nifikirie jambo ambalo kitabu cha karatasi hakijawahi kunilazimisha kulifikiria: nani anastahili kukisoma kitabu kwa sauti, aliyekiandika au mtu mwingine ambaye kusoma ndiyo kazi yake?

Cha kwanza ni Born a Crime cha Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini aliyezaliwa na mama mweusi na baba mzungu, kilichotoka mwaka 2016. Noah amekisoma mwenyewe, na kwa maoni yangu hakuna mtu mwingine ambaye angekiweza. Kuna mahali anasimulia kwamba alikuwa akitembea barabarani, nyuma yake wakawapo vijana waliokuwa wakipanga kwa Kizulu jinsi ya kumpora, wakiamini kuwa mtu wa rangi yake hawaelewi. Akageuka akawaambia, kwa Kizulu hicho hicho, kwamba ni afadhali washirikiane wampore mtu mwingine, na wale vijana wakaishia kumwomba radhi. Kwenye karatasi maneno ya Kizulu yamo, lakini jicho la mtu asiyeijua lugha hiyo huyapita haraka na kukimbilia tafsiri. Katika sauti huna pa kukimbilia. Unayasikia yakitoka kinywani mwa mtu aliyekua nayo, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini nia ya wale vijana ilibadilika mara moja. Hali ni hiyo hiyo katika mabishano yake na mama yake siku gari lilipokataa kuwaka, mama akisema kwamba kanisani lazima waende na mtoto akisema kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyelizuia gari. Ubishi wa watu wawili wanaopendana unahitaji mtu aliyewahi kuwamo.

Cha pili ni Americanah, riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie ya mwaka 2013, iliyosomwa na Adjoa Andoh, mwigizaji wa Uingereza ambaye baba yake ni Mghana. Ina zaidi ya saa 17, nami nilianza kwa wasiwasi, kwa sababu wahusika wake ni watu wa Lagos. Wasiwasi ule ulikwisha mapema. Nilikuwa nimeisoma zamani kwenye karatasi bila kutambua ni kwa kiasi gani riwaya hii inahusu namna watu wanavyosema. Shangazi Uju, akiwa dukani Marekani na wazungu wakiwa karibu, anamwamuru mwanawe arudishe kitu alichokichukua, na Kiingereza chake kinageuka papo hapo na kuanza kupitia puani. Kisha yupo Cristina Tomas, karani wa chuo anayemsemesha Ifemelu, msichana Mnigeria aliye mhusika mkuu, neno moja moja, akituama baada ya kila neno, kana kwamba mgeni yule hajui lugha. Nilipousikia ule utaratibu wa kutuama niliona haya kwa niaba ya Ifemelu, na nikaelewa kwa nini msichana aliyesoma Kiingereza tangu utotoni alirudi nyumbani akaanza kujifundisha lafudhi ya watu wengine.

Cha tatu ni Becoming cha Michelle Obama, cha mwaka 2018, saa 19 za sauti yake mwenyewe, usomaji uliompatia tuzo ya Grammy mwaka 2020. Sura za utotoni Chicago ni nzuri mno. Mtoto amezoea piano ya nyumbani kwa shangazi wa mama yake, ambayo kitufe chake cha katikati kimemeguka na ndicho anachokitumia kujua pa kuweka vidole. Siku ya onyesho anakalishwa mbele ya piano isiyo na dosari, hajui aanzie wapi, mpaka yule mama anakuja kumwekea kidole mahali pake. Lakini alipofika Ikulu sauti yake ilizidi kuwa ya uangalifu, nami nikaanza kuchoka. Nadhani msomaji mgeni angeweza kuzipa sura zile uhai ambao mwenyewe, kwa sababu ya heshima ya nafasi yake, alijizuia kuutoa.

Kuna cha nne nilichokiacha njiani. Ni riwaya inayotokea katika pwani yetu, na msomaji wake, ambaye simtaji, aliyatamka majina yetu na maneno yetu kwa mkazo usio wake kila yalipotokea. Kila jina lilinitoa hadithini.

Ninawauliza, basi: mnapendelea nani asome? Na riwaya zetu za Kiswahili zikisomwa kwa sauti, mngemtaka msomaji wa namna gani?

Mtayarishaji wa vipindi, Nairobi

Ndugu mleta mada, nimefanya kazi ya studio kwa muda mrefu, hivyo nitaongeza upande wa wale walio nyuma ya kioo.

Mwandishi anapofaa kusoma ni pale ambapo kitabu kinasema "mimi" na mimi huyo ni yeye. Wasifu na kumbukumbu huvumilia hata sauti isiyofunzwa, kwa sababu msikilizaji amekuja kukutana na mtu. Riwaya ni kazi nyingine. Msomaji wa Kiingereza huenda kwa wastani wa maneno 150 hadi 160 kwa dakika, yaani maneno kama 9,000 kwa kila saa ya kitabu kilichokamilika, na kila saa unayoisikia imemgharimu saa mbili au zaidi ndani ya kibanda cha kurekodia, kabla mhariri wa sauti hajaigusa. Akikosea, mtambo hurudishwa nyuma kidogo, husikia sauti yake kwenye hedifoni, kisha huingia tena katikati ya sentensi kwa sauti, pumzi na kasi ile ile, ili wewe usijue kwamba palikatwa. Wapo wanaoacha kuvaa nguo yenye wanga kwa sababu maiki hunasa mkwaruzo wake, na mlio wa tumbo lenye njaa umeshaharibu sentensi nyingi nzuri. Mwandishi wa riwaya, hata awe hodari wa kalamu kiasi gani, mara nyingi hufika sura ya kumi sauti imekwisha, na wahusika wake wote wakawa mtu mmoja aliyechoka.

Ningependa pia tutofautishe kitabu cha sauti na mchezo wa redio, kwa sababu wengi wetu masikio yetu yamelelewa na michezo ya redio. Katika mchezo kama Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, kila mhusika ana mwigizaji wake, mlango unagongwa, gari linapita. Katika kitabu yupo mtu mmoja tu, na akijaribu kuwa watu ishirini hugeuka kichekesho. Msomaji mzuri humtofautisha mhusika kwa kitu kidogo: huyu husita kabla ya kujibu, yule humalizia maneno kwa haraka. Kwa maelezo yako, kutuama kwa yule karani kulifanya kazi kwa sababu hiyo hiyo.

Mwalimu mstaafu, Mombasa

Mwanangu wa Tanga, umeuliza swali zuri, lakini nyote wawili mmelizungukia jambo moja bila kulishika. Unauliza kama asome mwandishi au asome mwigizaji. Mimi nauliza kwanza kama huyo anayesoma anatoka katika usemi wa kitabu. Noah na Andoh wamekupendeza kwa sababu masikio yao yanajua wahusika wao wanavyosema, na yule wa nne amekuudhi kwa sababu hajui, ijapokuwa huenda ni mwigizaji aliyesomea.

Chukua Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza, mwanamume mwenye umri wa kumzaa, na anapomtoroka hujikuta Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar wanakoishi watu wa kawaida, kwa Mwajuma. Mazungumzo ya wanawake hawa wawili ni Kiswahili cha Unguja chenye mizaha yake, mafumbo yake na namna yake ya kuvuta maneno mtu anapobembeleza. Mpe kitabu hicho msomaji hodari wa bara, mwenye sauti ya taarifa ya habari, atakitamka sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Mwajuma hatakuwamo. Ningemtaka mwanamke wa Unguja, mtu mzima, aliyewahi kukaa barazani na wenziwe. Ikiwa hajawahi kuingia studio, Ndugu Mtayarishaji atamfundisha habari za maiki kwa siku chache, ilhali yule wa bara hawezi kufundishwa Ng'ambo kwa siku chache.

Na ushairi una masharti makali zaidi. Utenzi una mizani minane kwa kila kipande, vina vitatu vya mwanzo vikilingana na cha nne kikibeba bahari, yaani kina kisichobadilika, kutoka ubeti hadi ubeti. Utendi wa Mwana Kupona wa katikati ya karne ya 19 haukutungwa usomwe kimoyomoyo. Una mahadhi yake, na mwenye kuujua huughani. Nimewahi kusikia tenzi zikisomwa kama barua ya ofisi, msomaji akikata pumzi katikati ya kipande kwa kufuata maana badala ya mizani, na kina cha mwisho kikapotea kila mara. Anayeghani vibaya amelitoa shairi mahali pake hata kama hakukosea neno.

Msikilizaji asiyeona, Dodoma

Ndugu zangu, nimewasoma kwa msaada wa sauti ya kompyuta, na ninaomba kutofautiana nanyi kwa heshima.

Vitabu hivi vilianzia kwetu. Huduma ya vitabu vya kuzungumza ya Uingereza ilianza mwaka 1935, na mmoja wa walioipigania alikuwa Ian Fraser, aliyepofuka akiwa askari katika mapigano ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916. Wakati ule kitabu kimoja kilienea kwenye santuri zipatazo 10, kila upande dakika 25, na mtu aliketi peke yake akizigeuza. Wasomaji waliohitajika walikuwa watu wa kusoma wazi, kwa utulivu, kwa sababu msikilizaji hakuwa akitafuta burudani ya pembeni. Alikuwa akisoma kitabu chake, na hakutaka mtu mwingine amwamulie jinsi mhusika anavyolia.

Nami ndivyo ninavyotaka hadi leo. Ninasikiliza kwa kasi maradufu, kama wengi wetu tuliozoea, na katika kasi hiyo uigizaji wote hugeuka kelele: minong'ono hupotea, vilio huwa milio. Msomaji mtulivu hubaki akieleweka. Akinisomea kwa uaminifu, mimi mwenyewe nitampa Mwajuma sauti yake kichwani mwangu, kama ninyi mnavyofanya mkiwa na karatasi.

Tena, kwetu lipo swali linalotangulia lile la nani asome, nalo ni kama kitabu kitasomwa kabisa. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu taasisi kutengeneza nakala za vitabu kwa ajili ya wasioona bila kusubiri ridhaa ya mwenye hakimiliki, na kuzipitisha mpakani. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020. Ruhusa ipo, kwa hiyo Mwalimu akimpata yule mama wa Unguja ni vizuri sana, lakini asipompata, tafadhali asitunyime kitabu kwa kumngoja.

Mwanafunzi wa ualimu, Morogoro

Kwa wanaojiuliza kama kusikiliza ni kusoma: mwaka 2016 Beth Rogowsky na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu wazima waligawanywa, baadhi wakasikiliza sehemu za kitabu, wengine wakazisoma kwenye skrini, na wengine wakafanya yote mawili kwa pamoja. Walipopimwa uelewa papo hapo na tena baada ya wiki mbili, hapakuonekana tofauti kubwa baina ya makundi. Kilikuwa kitabu cha masimulizi, hata hivyo. Kwa kitabu cha kiada, ambacho mtu hurudi nyuma kutazama jedwali, mimi binafsi bado nashika karatasi.

Msikilizaji wa Tanga (mleta mada)

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote.

Mwalimu, nimekubali kwamba swali langu lilihitaji kuulizwa kwa namna yako, ingawa Becoming bado inanisumbua: pale msomaji anatoka katika usemi wa kitabu kuliko mtu yeyote, na bado sura za Ikulu zilinichosha. Naona kuna usemi wa mtu na kuna cheo cha mtu, na cha pili kinaweza kumfunga mdomo hata mwenye kitabu.

Ndugu wa Dodoma, hoja yako imenifanya nirudi kwenye rekodi zangu na kuongeza kasi kama unavyofanya. Sura zile zile za Ikulu zilinufaika. Hakuna nilichokikosa, na hata uchovu ulipungua. Niliporudi kwa Cristina Tomas mambo yalikuwa mengine. Vituo vyake vilifupishwa na programu mpaka akasikika kama karani yeyote mwenye haraka ya kumaliza foleni, na dharau yote ikatoweka, ingawa hakuna neno lililopungua. Ninataka kujua wewe husikiaje mahali kama hapo: je, hupunguza kasi, au masikio yako yamezoea kuvisikia vituo hata vikiwa vifupi kiasi hicho?