Je, ni kweli maneno hubeba asilimia 7 tu ya mawasiliano?

Karani_Moro
Wanajukwaa, habari za leo. Katika semina ya kazini tulifundishwa kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti asilimia 38, na uso asilimia 55. Wiki iliyopita nilimwandikia mtunza stoo wetu, mzee aliyenizidi umri kwa zaidi ya miaka 20, ujumbe wa WhatsApp saa 12 asubuhi: "Mbona mzigo wa jana haujatoka?" Alijibu neno moja tu, "Haya", na tangu siku hiyo huniitikia salamu kwa shida. Je, kosa ni la maandishi, na niache kabisa kuwaandikia watu?

MwalimuMstaafu
Ndugu Karani, hesabu hiyo ipo, ila imehamishwa kutoka mahali pake. Inatokana na majaribio mawili ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian na wenzake, yaliyochapishwa Marekani mwaka 1967. Washiriki walisikilizishwa neno moja moja, likitamkwa kwa sauti ya upendo, ya chuki au ya kawaida, na katika jaribio mojawapo waliongezewa picha za nyuso, kisha wakakadiria hisia za msemaji. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu hiyo haihusu mazungumzo yasiyo ya hisia na misimamo ya mtu. Ingekuwa ni ya kila jambo, mfamasia angeweza kukueleza dozi kwa kukunja na kukunjua uso! Kwa hiyo endelea kuandika, ila masuala yanayoweza kumuumiza mtu yangoje mkutane.

Shangazi_Tanga
Mwanangu, Mwalimu amesema kweli, lakini mimi silaumu simu. Umemwandikia mtu mzima alfajiri bila shikamoo, ukaanza na "mbona". Neno hilo si sawa na "kwa nini", kwa sababu "kwa nini" huuliza sababu, ilhali "mbona" mara nyingi hufika na lawama yake kabla mwenzako hajafungua kinywa. Hata ungelisema huku unatabasamu, angelisikia vilevile. Na hiyo "Haya" yake, ikiburutwa mwishoni ni ya mtu aliyekubali shingo upande, ikikatwa ghafla ni ya mtu asiyetaka maneno zaidi; kwenye simu hukuweza kujua ni ipi. Nenda stoo kwa miguu yako, umwamkie, ukae, umuulize mzigo ulikwama wapi, na akianza kueleza usimkatize hata kama unadhani unalijua jibu.

Karani_Moro
Shikamoo Shangazi, na ahsante Mwalimu. Leo nimekwenda. Mzee aliitikia marahaba, akanivutia kreti nikalie, na kwa muda mrefu tukazungumzia mvua. Nilipomuuliza kuhusu mzigo, alinieleza taratibu kwamba hauwezi kutoka stoo bila hati iliyosainiwa, na kwamba hati ya siku ile aliileta mezani kwangu jioni, nikaiwekea kikombe cha chai juu yake.