Siku 100 za rais mpya wa Marekani: tumpime kwa alichosaini au kwa alichozuia?

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Marekani inapopata rais mpya, mazungumzo yetu hurudi kwenye hesabu ileile ya siku 100. Kafanya nini, kakwama wapi, kasaini amri ngapi. Wapo wanaoshikilia kwamba siku hizo zinatosha kumjua mtu, na mfano wao ni Trump, aliyerudi madarakani Januari 20, 2025 na kusaini amri 26 siku hiyohiyo. Wengine wanajibu kuwa ni mapema mno, mwacheni afanye kazi. Mimi naona pande zote mbili zinachanganya mambo mawili tofauti. Siku za mwanzo zinatuonyesha vizuri sana rais anaweza kuzuia nini. Kuhusu anachoweza kujenga, hazituambii karibu lolote.

Tuanze na chimbuko la kipimo chenyewe. Franklin Roosevelt aliapishwa Machi 4, 1933, benki zikianguka nchi nzima na watu wakikimbilia kutoa akiba zao. Alizifunga zote kwa muda, na Machi 9 Bunge likakutana kwa kikao maalumu. Sheria ya kuziokoa benki ilipita Baraza la Wawakilishi, ikapita Seneti, ikasainiwa, yote siku hiyo moja. Wawakilishi hawakuwa hata na nakala mikononi, walisomewa muswada kwa sauti wakapiga kura. Kikao kiliendelea hadi katikati ya Juni, na siku 100 alizozitaja Roosevelt redioni mwezi Julai zilikuwa siku za kikao hicho. Kwa hiyo tangu mwanzo kilichohesabiwa ni kazi ya rais pamoja na Bunge, tena Bunge ambalo chama chake kilikuwa na wingi mkubwa. Sisi leo tumeliondoa Bunge kwenye hesabu, tumebaki na kalamu.

Sasa angalieni kalamu peke yake inafika wapi. Januari 22, 2009, siku mbili tu baada ya kuapishwa, Obama alisaini amri ya kufunga ndani ya mwaka mmoja jela ya Guantánamo, ile ya jeshi la Marekani huko Cuba wanakoshikiliwa watuhumiwa wa ugaidi. Nyuma yake walisimama majenerali na maadmirali wastaafu, na picha ile ikazunguka dunia. Wengi huku kwetu waliona jambo limekwisha. Lakini kuwahamisha wafungwa wapatao 240 kunahitaji fedha, na fedha inatoka Bungeni. Mwezi Mei Seneti ilimnyima dola milioni 80 alizoomba, kwa kura 90 dhidi ya 6, na Seneti hiyo ilikuwa mikononi mwa chama chake mwenyewe. Maseneta waliogopa wapiga kura wao wakisikia kwamba watuhumiwa wa ugaidi wanaletwa majimboni. Kura ile ilipigwa wakati siku 100 zimeshapita na tathmini zimeshaandikwa. Jela ipo mpaka leo.

Upande wa kuzuia mambo ni mengine kabisa, na hapo ndipo linapotugusa sisi. Lakini kwanza tuone kilichokuja kusimamishwa kilijengwaje. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ulitangazwa na George W. Bush Januari 2003, akianza mwaka wake wa tatu madarakani. Bunge likaupitisha, akausaini Mei mwaka huo, dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Aliyempima Bush kwa siku zake 100 za 2001 alisoma habari za kupunguza kodi, na za ndege ya ujasusi iliyogongana na ndege ya China ikatua Hainan. Jambo ambalo pengine lilibadilisha maisha ya watu wengi zaidi Afrika Mashariki kuliko mengine yote aliyofanya, halikuwepo kabisa katika habari hizo.

Halafu ikaja Januari 2025. Amri ya Trump ya siku ya kwanza ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, PEPFAR ikiwemo, na kabla wiki mbili hazijaisha, watoa huduma wa miradi ya VVU Kenya na Uganda walikuwa wameambiwa waache kazi. Januari 28 ikatoka ruhusa maalumu kwa huduma za kuokoa maisha, lakini karatasi ya ruhusa haimlipi muuguzi wala dereva anayepeleka dawa za kufubaza virusi kituoni. Kesi zilifika Mahakama ya Juu, na Machi 5, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikakataa kuzuia agizo la jaji wa mahakama ya chini la kulipa karibu dola bilioni 2 kwa kazi iliyokwishafanyika. Ni ushindi, ndiyo. Lakini kufika Julai 1 USAID, shirika la misaada la Marekani lililoanzishwa 1961, lilikuwa limefungwa rasmi. Mahakama inaweza kuamuru deni lilipwe. Kituo kilichofungwa na wahudumu waliotawanyika ni vigumu mno kuwarudisha.

Najua kuna atakayenitajia Rais Kennedy na Peace Corps, shirika linalopeleka Wamarekani kujitolea nchi nyingine. Ni hoja nzuri. Aliiunda kwa amri yake Machi 1, 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wake mwaka huohuo. Lakini tazameni kilichoifanya idumu: Septemba ya mwaka ule Bunge liliipitishia sheria yake. Bila hiyo ingekuwa amri nyingine tu ya kufutwa na anayefuata.

Hili linahusu pia namna tunavyofuatilia habari zenyewe. Machi 14, 2025 ilitoka amri ya kubana shirika linalosimamia Sauti ya Amerika, redio ya serikali ya Marekani. Kesho yake wafanyakazi wakapewa likizo ya lazima, na matangazo ya Kiswahili kutoka Washington, ambayo wazee wetu waliyasikiliza kwa miongo, yakanyamaza. Mwenye redio kijijini amepoteza mtu wa kumweleza kwa lugha yake Seneti imepiga kura gani. Kinachomfikia sasa kwenye simu ni picha ya rais ameshika kalamu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Rais mpya akisaini jambo la kujenga, tusimsifu wala kumcheka mpaka tuone fungu lake kwenye bajeti iliyopitishwa na Bunge. Akisaini jambo la kusimamisha, tuhesabu madhara kuanzia siku hiyohiyo, kwa sababu yanaanza siku hiyohiyo.

Wanaosema siku 100 zinatosha, nipeni jambo moja lililojengwa kwa amri ya rais peke yake, bila Bunge, likadumu kupita rais aliyefuata. Na wanaosema tusubiri, tumwambie nini mgonjwa ambaye kliniki yake ilifungwa wiki ya pili? Karibuni.