Naombeni ushauri: kipimio kipi kinafaa kwa ramani ya kijiji kwenye QGIS (programu ya kompyuta ya kuchorea ramani)?

Mchoraji Mgeni: Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandaa ramani ya kijiji inayotakiwa na wajumbe wa halmashauri Jumatatu. Kijiji kina urefu wa kilomita 4, nami nina karatasi za A3. Kila ninapokuza picha, namba ya kipimio iliyo chini ya dirisha hubadilika, hata sijui ipi ni ya kweli. Je, 1:2,500 inafaa?

Mzee Futikamba: Zamani tulichora kwa kalamu ya wino na rula. Kwenye shiti ya 1:50,000 sentimita moja ni nusu kilomita, na kila mwanafunzi wa jiografia alilijua hilo kabla ya kushika penseli. Ninyi mnabofya kwanza, mnafikiri baadaye.

Bi Dira: Shikamoo mzee, lakini swali halijajibiwa. Namba hiyo ni ya skrini tu. Kipimio cha karatasi huwekwa kwenye mpangilio wa kuchapa. Tena unatumia mfumo gani wa majiranukta, yaani namba za kutaja mahali? Nilipokuwa nasoma Oslo nilipima barabara kwenye EPSG:3857, mfumo wa ramani za mtandaoni unaorefusha umbali kadiri unavyoenda mbali na ikweta, urefu ukatoka karibu mara mbili ya ule wa ardhini. Huku kwetu karibu na ikweta kosa hilo ni dogo, lakini UTM, mfumo unaogawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita, ndiyo salama.

Mchoraji Mgeni: Ahsante dada, natumia UTM kanda ya 37 Kusini. Wajumbe ndio wanaotaka 1:2,500, kwa kuwa kijiji jirani kina ramani ya namna hiyo. Nakala sita nimeshazichapa. Nilitaka kuhakikishiwa tu.

Kobe wa Pwani: Suti imeshavaliwa harusini, ndipo fundi anaulizwa vipimo!

Pembe Nne: Mimi nashuku kisa hiki kimetungwa. Upande mrefu wa A3 ni milimita 420, na kwa 1:2,500 sentimita moja ni mita 25, kwa hiyo karatasi nzima hubeba mita 1,050 tu. Kilomita 4 zingehitaji sentimita 160. Nakala hizo sita zilichapwa kwenye mkeka?

Mchoraji Mgeni: Sijatunga, ndugu yangu. Kijiji kilienea nilipoweka 1:10,000, lakini kwa kuwa wajumbe walishataja 1:2,500, niliandika namba hiyo mwenyewe kwenye kisanduku cha maandishi. Niliona si neno, kwani umbo la mipaka halibadiliki.

Bi Dira: Ni neno kubwa. Atakayeweka rula atasoma mita 25 mahali ambapo ardhini ni mita 100, na mraba wa sentimita moja, ambao ni hekta nzima, ataukokotoa kuwa mita za mraba 625. Mistari yenyewe umeitoa wapi?

Mchoraji Mgeni: Niliifuatisha juu ya shiti ya 1:50,000 iliyoskaniwa. Nikiikuza huonekana vizuri kabisa, ndiyo maana sikuwa na wasiwasi.

Pembe Nne: Basi nimekuamini, maana mtunzi asingejifedhehesha hivi. Nusu milimita kwenye shiti hiyo ni mita 25 ardhini. Kwenye 1:2,500 halisi ungekuwa unene wa sentimita nzima, na kukuza hakuongezi usahihi hata kidogo. Chapa upya kwa 1:10,000, ufute namba uliyoiandika, uweke kipimio mstari, ambacho hata ramani ikipunguzwa kwenye fotokopi hupungua pamoja nayo, kisha utaje shiti uliyofuatisha. Mipaka ya mashamba usiitafute humo. Hiyo hupimwa shambani, wenye mashamba wakiwapo.

Mchoraji Mgeni: Nimeelewa. Nakala tano ninazo hapa. Ya sita mwenyekiti aliichukua juzi, na nasikia mkwewe ameanza kupanda minyaa ya mpaka kwa kuifuata.

Mzee Futikamba: Inuka sasa hivi uifuate. Na rula uibebe.