Hedifoni za sauti ya 3D: zisizo na waya au za waya?

Mpenda_Sinema: Wadau, hedifoni zangu zimekufa upande mmoja, nanunua wiki hii. Nimebaki na mbili: zisizo na waya zinazofuatilia mwendo wa kichwa, au za waya za stereo, 3D (sauti isikike kama inatoka pande zote) itengenezwe na programu. Zipi zina maisha mbele?

FundiSpika: Mkuu, simu gani? Filamu, muziki au gemu? Bila hayo tunapiga ramli.

Zuhura_M: Chukua za waya. Masikio ni mawili tu. Sauti ya kushoto hufika sikio la kushoto kwanza, tofauti haifiki hata milisekunde 1, na ubongo unaikamata. Programu inaiga hilo, pamoja na jinsi umbo la sikio linavyoipinda sauti.

FundiSpika: Kweli dada, lakini kwa za waya, ukigeuka, ukumbi wote wa sauti unageuka nawe. Apple walipoleta ufuatiliaji wa kichwa kwenye AirPods Pro, hedifoni zao zisizo na waya, mwaka 2020 ndipo nilipoelewa: natazama dirishani, mwigizaji bado anaongea kutoka kwenye skrini.

Kimya_Kingi: Mimi yalinikuta. Kampuni siitaji. Nyumbani zilikuwa tamu kabisa. Nikapanda nazo basi. Likikata kona kushoto, zenyewe zinadhani nimegeuza kichwa, basi mazungumzo yote yanahamia sikio la kulia, yanakaa huko kidogo, halafu yanarudi katikati polepole kama mtu anayeburuta kiti. Kona inayofuata, tena! Kichefuchefu kilinishika. Kwenye gemu ndiyo balaa: nyayo za adui nazisikia mbele, kumbe yuko mgongoni. Wiki mbili tu nikazima ufuatiliaji, nikabaki na stereo niliyoilipia ghali.

Zuhura_M: Hiyo ya mbele na nyuma ni kwa sababu zimepimwa kwa sikio la mtu mwingine. PlayStation 5, mashine ya gemu, ilipotoka 2020 ilikupa vipimo 5 vya masikio uchague, na tangu 2022 iPhone inapiga picha masikio yako ili sauti iendane nayo. Huko ndiko mambo yanakoelekea.

Mzee_Stereo: Muziki wasiuguse jamani. Wimbo uliochanganywa kwa stereo ukitawanywa pande zote, mwimbaji anasogea mbali na ngoma inakosa kifua.

FundiSpika: Mzee wangu, huo ni uchanganyaji mbaya. Kwenye Dolby Atmos, mfumo wa kuchanganya sauti ya 3D, kila sauti inaweza kupewa mahali pake hewani. Fundi asiyejua kupanga ataharibu hata stereo.

Mzee_Stereo: Nimesikiliza nyingi. Nzuri nazihesabu kwa vidole.

Mpenda_Sinema: Samahani kwa kuchelewa. Simu ni Android, natazama filamu, zaidi nikiwa kwenye basi.

Kimya_Kingi: Kwenye basi! Soma tena nilichoandika.

FundiSpika: Android ilianza kufuatilia kichwa kwenye toleo la 13, ila si kila simu inayo. Angalia kwenye mipangilio kwanza.

Zuhura_M: Na hiyo simu ina tundu la waya?