Naomba ushauri: mhusika wangu anamwomboleza mpenzi ambaye hakuna aliyejua kuwa alikuwa wake

Kalamu Changa

Habari zenu wanajukwaa. Naandika riwaya ya vijana kwa mwaka wa pili sasa. Mswada umefika maneno 61,000, lakini nimekwama mahali ambapo sioni namna ya kujinasua peke yangu.

Mhusika mkuu ni Rehema, msichana wa miaka 17. Kwa miezi minane amekuwa na uhusiano wa siri na Idrisa, kaka wa rafiki yake mkubwa, Salma. Siri hiyo ina sababu: Salma aliwahi kumpoteza rafiki mwingine aliyependana na Idrisa, na penzi lile lilipovunjika, urafiki nao ukafa, ndipo akamwomba Rehema aahidi kwamba jambo hilo halitajirudia. Rehema akaahidi. Idrisa anafariki kwa ajali ya barabarani kabla ya ukurasa wa kwanza, na hadithi inaanzia msibani, Rehema akiwa amemshika Salma mkono na kumfariji kwa kifo ambacho kimemvunja yeye mwenyewe.

Nimemficha msomaji siri hii hadi sura ya 14 kati ya 22. Watu watatu wamenisomea mswada, na wawili kati yao wamesema kwamba Rehema aliwaonekea mtu baridi, kisha siri ilipofichuka wakahisi kwamba mimi mwandishi ndiye niliyewadanganya. Aidha, nimeigawa riwaya katika sehemu tano zinazofuata hatua tano za huzuni: kukana, hasira, kujadiliana, sononeko na kukubali. Mwishoni Salma analikuta sweta la kaka yake, alilolitafuta kitabu kizima, chini ya mto wa Rehema.

Naombeni mniambie: msomaji aijue siri lini, na Salma aijue kwa njia gani?

Mhariri wa Zamani

Ndugu mwandishi, umechanganya siri mbili. Ipo siri ambayo Rehema anamficha Salma, nayo ndiyo roho ya kitabu chako. Na ipo siri ambayo wewe unamficha msomaji, ambayo sioni faida yake. Unasimulia kwa nafsi ya kwanza? Kama ndivyo, basi kwa sura 13 tunakaa ndani ya kichwa cha msichana aliyefiwa na mpenzi wake, na hamfikirii hata mara moja. Wasomaji wako wana haki ya kulalamika.

Mwambie msomaji katika kurasa za mwanzo kabisa. Taharuki haitapungua. Chukua tukio la Salma kumwomba Rehema amsaidie kulitafuta sweta: msomaji asiyejua lolote ataona wasichana wawili wanapekua kabati, lakini anayejua sweta liko wapi atasoma kila neno la Rehema akiwa ameshika pumzi.

Bi. Mshauri

Nimefanya kazi na vijana waliofiwa kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajikita kwenye huzuni yenyewe. Hatua tano ulizozitumia zilielezwa na daktari wa magonjwa ya akili, Elisabeth Kübler-Ross, mwaka 1969, naye alizipata kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Baadaye watu walizihamishia kwa wafiwa na kuzifanya ngazi ya kupanda kidato kwa kidato, ilhali wafiwa wengi hawapiti hivyo. Kitabu kinachoanza na kukana na kumalizikia kwenye kukubali kitamfanya kijana aliyefiwa ajione kuwa anaomboleza vibaya.

Mwelekeo walioueleza watafiti wa huzuni Margaret Stroebe na Henk Schut mwaka 1999 utakufaa zaidi: mfiwa huenda na kurudi, mara anazama katika kile alichokipoteza, mara anageukia maisha yanayomngoja, hata ndani ya siku moja. Rehema anaweza kucheka sana mchana, kisha usiku akajichukia kwa kicheko kile.

Lipo pia jambo linalomhusu yeye hasa. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika juu ya huzuni isiyotambuliwa, yaani msiba ambao mtu hawezi kuukiri waziwazi wala kupewa pole kwa ajili yake. Wapenzi wa siri ni miongoni mwa wanaoupata. Nakusihi usiliweke jina hilo kinywani mwa mhusika yeyote. Lionyeshe kwa jinsi watu wanavyomshukuru Rehema kwa kuwa nguzo ya Salma, huku hakuna anayemuuliza yeye amelalaje.

Msomaji 18

Mimi ndiye mnayemwandikia, kwa hiyo naomba nisikilizwe. Kuhusu siri namuunga mkono Mhariri. Lakini dada (au kaka, samahani), katika maelezo yako yote hujasema Idrisa alikuwa mtu wa namna gani. Nimechoka na wavulana wanaokufa kabla ya ukurasa wa kwanza wakiwa hawana doa. Mpe ubaya kidogo. Labda alikuwa hapokei simu akikasirika, labda siku ya mwisho waligombana kwa sababu yeye alitaka kumwambia Salma na Rehema akakataa. Hapo nitalia kweli, kwa kuwa ahadi aliyoilinda Rehema itakuwa ndiyo iliyomnyima kwaheri njema.

Kimya Kirefu

Niliwahi kuwa Rehema. Nitasema machache. Kilichoniumiza zaidi kilikuwa kuambiwa "pole kwa kufiwa na jamaa yako", nikaitikia "asante", kisha nikarudi kupanga viti. Nilikuwa na shati lake. Harufu yake ilianza kufifia baada ya wiki chache, nikawa silinusi kila siku ili isiishe upesi. Jambo hilo sijawahi kumwambia mtu. Ukipenda, litumie.

Kalamu Changa

Kimya Kirefu, nimeyasoma maneno yako mara kadhaa kabla ya kuthubutu kujibu. Pole sana. Nimechelewa kuisema, lakini naisema. Nitalitumia kwa heshima yote.

Ndiyo, Mhariri, ni nafsi ya kwanza. Nimeamua siri isemwe ukurasa wa pili, pale msibani, na zile sehemu tano nimezifuta leo asubuhi. Msomaji 18 (mimi ni dada), ugomvi ule nauandika usiku huu. Sikuwahi kuuona, na sasa naona kitabu kizima kinauhitaji. Limebaki sweta. Je, Salma alikute mwenyewe?

Mhariri wa Zamani

Hapana. Akilikuta mwenyewe, Rehema amekamatwa, na mtu aliyekamatwa hana uamuzi wowote wa kufanya. Mwache alichukue sweta likiwa limebakiwa na harufu kidogo tu, alipeleke mwenyewe nyumbani kwa Salma, akijua kwamba anaweza kuvipoteza vyote viwili, sweta na rafiki. Usiandike msamaha katika sura hiyo.

Kimya Kirefu

Na Salma alinuse kwanza, kabla hajauliza limetoka wapi.