Sala ya asubuhi inaisha, wasiwasi unabaki: mtu anakosea wapi?

Kijana wa Kwaya
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba majibu ya vitendo. "Mwachie Mungu" tumeshaisikia sana.

Chukulia mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anaomba nusu saa, anasoma sura moja, anasema amina. Akifika kituoni kusubiri daladala kifua kimebana vilevile: kodi ya miezi mitatu inadaiwa, marejesho ya kikoba ni Ijumaa, na kuna ndugu hawasemeshani tangu msiba. Saa nane usiku macho kodo. Wafilipi 4:6-7 anaijua kwa kichwa. Anaomba vibaya wapi? Asome nini, kwa muda gani? Na afanye nini usiku ule wa manane?

Mama Ushirika
Amina mwanangu. Saa ya kuamka iache ilivyo. Rudi kwanza kwenye hiyo Wafilipi, ila anzia mstari wa 2. Paulo anaandika akiwa kifungoni, na anachokigusa mwanzoni mwa sura ya 4 ni ugomvi: Euodia na Sintike, wanawake wawili wa kanisa lilelile, hawapatani. Baada ya hapo ndipo anakuja "msijisumbue kwa neno lolote". Kisha mstari wa 9 anaagiza yale waliyojifunza kwake wayatende. Watu huchomoa 6 na 7 wakabandika ukutani, ugomvi ulioko juu na kazi iliyoko chini wakaviruka.

Halafu mstari wa 7, kwamba amani ya Mungu "itawahifadhi". Kwa Kiyunani ni neno la askari aliye lindoni, na Filipi ilikuwa koloni la Kirumi lenye askari wastaafu, kwa hiyo walilielewa mara moja. Askari wa lindo hazuii watu kupita barabarani, anazuia wasiingie getini. Hofu ikipita saa tatu asubuhi isikufanye useme sala imekataliwa.

Kosa la kawaida ninaloliona ni kuomba kwa jumla. "Bwana unajua hali yangu" haimpi mtu nafuu kwa sababu hajasema kitu. Hezekia alipopokea barua ya vitisho alipanda nyumbani mwa Bwana akaikunjua mbele zake (2 Wafalme 19:14). Fanya hivyohivyo. Nunua daftari la kurasa 48, andika haja moja kila mstari, na kiasi na tarehe: "Kodi, 240,000, tarehe 5." Chini yake gawa mara mbili. Y ni yangu: kumpigia mwenye nyumba kabla ya tarehe 5, kumwambia nina 80,000 sasa na nyingine lini. M ni ya Mungu: moyo wa mwenye nyumba, na kazi ambayo bado haijapatikana. Y unaipangia saa ya siku hiyohiyo. M unaiombea mara moja, unaipigia mstari, unafunga daftari. Mtu anayeomba M kila siku huku anakwepa Y atabanwa kifua hata akifunga siku arobaini.

Na nusu saa ya kurudia haja moja si sala tena, ni kucheua. Dakika 20 zinatosha kabisa: mbili za kunyamaza, tano za zaburi moja kwa sauti ya chini, kumi za daftari, tatu za shukrani. Shukrani ziwe tatu, za jana, za kushikika. "Asante kwa uhai" inasemwa ulimi ukiwa umelala. "Asante maji yalitoka Jumanne" inamlazimisha mtu akumbuke. Simu ikae mbali na kitanda, na Biblia iwe ya karatasi, maana ukifungua ile ya kwenye simu utakutana na ujumbe wa kikoba kabla hujaifikia Zaburi.

Anza na Zaburi 13. Ina mistari 6 tu. Miwili ya kwanza ina "hata lini" mara nne, yaani malalamiko bila adabu ya kujikaza. Wa 3 na 4 ni ombi. Wa 5 unageuka kwa neno "nami": tumaini linatajwa wakati adui bado yupo palepale. Siku za kwanza isome mara mbili, ya pili uweke jambo lako mahali pa "adui yangu". Siku ambayo hakuna kinachogeuka moyoni, soma ya 88, ambayo inaishia gizani na bado ni sala. Usijilazimishe kufika mstari wa 5 kwa nguvu.

Mwalimu wa Katekesi
Tumsifu Yesu Kristo. Mama Ushirika kasema vizuri, ila daftari halimfai kila mtu. Yupo ambaye ukimpa kalamu ataorodhesha mambo 40 na kuyahesabu kila saa. Huyo apewe sala iliyokwisha tungwa, isiyomtaka atunge maneno.

Kwetu Wakatoliki ipo sala ya Malaika wa Bwana: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Haizidi dakika mbili. Faida yake ni kwamba siku inakatwa vipande, na wasiwasi wa asubuhi haufiki jioni bila kuingiliwa. Weka kengele ya simu kama huishi karibu na parokia. Rozari ya makumi matano (kila kumi ni Salamu Maria kumi) huchukua kama dakika 15 hadi 20, inatosha safari ya daladala. Vidole vina kazi, mdomo una kazi, akili inapata pa kushika, yaani matendo ya Yesu na Maria ya kutafakari: Jumatatu na Jumamosi ya furaha, Jumanne na Ijumaa ya uchungu, Alhamisi ya mwanga, Jumatano na Jumapili ya utukufu. Anayeanza asianze na makumi matano. Kumi moja kwa wiki nzima, aongeze taratibu.

Kwa kifua kinachobana kituoni, Waorthodoksi wana sala fupi ya zamani, nayo inafaa Mkristo yeyote: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Mwisho wake unafuata kilio cha yule mtoza ushuru, Luka 18:13. Ukivuta pumzi sema moyoni nusu ya kwanza, ukiitoa sema ya pili, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta: hesabu nne kuingia, sita kutoka. Dakika tatu. Kinachoharibu ni mtu kuipima kila dakika, "je nimetulia?" Akishaanza kujipima ameshaacha kusali. Aimalize, apande gari.

Saa nane usiku: usianze maombi makubwa ya vita, unajiamsha kabisa. Zaburi 4 ina mistari 8, na wa mwisho ni wa kulalia. Isome mapema mpaka uijue, gizani useme kimoyomoyo. Likija wazo la kazi ("sijampigia fulani"), andika mstari mmoja kwenye karatasi iliyo chini ya mto, pamoja na saa utakayolifanya, ulale. Kama dakika 20 zimepita macho makavu, inuka, kaa kwenye kiti na mwanga hafifu, zaburi moja, urudi kitandani usingizi ukija. Saa usiitazame.

Kijana wa Kwaya
Asanteni sana. Mawili bado. Wanaoishi chumba kimoja na watoto watatu "wanaingia chumbani na kufunga mlango" vipi? Na yule ndugu wa msibani: ameshamsamehe moyoni, lakini amani haiji.

Mama Ushirika
Chumba kimoja: asingoje kimya, hakitakuja. Akae kwenye ngazi ya nje kabla wapangaji wenzake hawajaanza kupanga ndoo, au ajifunike kanga kichwani akiwa amekaa palepale kitandani, na watoto wafundishwe kwamba mama akijifunika haitwi mpaka ajifunue. Dakika kumi zinawezekana, watoto huzoea haraka kuliko tunavyodhani. Makanisa mengi hayafungwi mchana. Anayetoka kazini aombe njiani kabla ya kufika nyumbani, maana akishafika ni sufuria na madaftari ya shule. La ndugu nawaachia wazee.

Mzee wa Baraza
Salamu katika Bwana. "Nimemsamehe moyoni" mara nyingi maana yake ni "sitaki kumwona". Tazama Maandiko yanavyogawa kazi. Mathayo 5:23-24: ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende wewe. Mathayo 18:15: akikukosa yeye, uende wewe. Pande zote mbili mguu ni wako. Na inasema "wewe na yeye peke yenu", kwa hiyo siyo sauti ya kurekodi kwenye grupu la ukoo, wala kumtuma shangazi akapime upepo.

Namna ya kwenda. Mtafute siku isiyo na shughuli ya kifamilia, maana kwenye arobaini au harusini kila mmoja ana mashabiki wake. Taja kitendo chako kwa jina lake: "Siku ya mazishi nilisema mbele ya watu kwamba hukuchangia. Nilikosea." Usiseme "kama nilikukwaza", hiyo "kama" inarudisha kesi mezani. Usiunganishe na kosa lake siku hiyohiyo. Omba msamaha, kisha nyamaza. Akihitaji mwezi, mpe mwezi.

Kama kuna mali ndani yake, maneno hayatoshi. Hesabu 5:7 inataka irudishwe kamili na kuongezwa sehemu ya tano: ulichukua 50,000, unarudisha 60,000. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne ya alichochukua. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika miaka ya 1930 na kuendelea, ulijulikana kwa hilo: walokole walikiri hadharani na kurudisha vitu walivyoiba. Majirani waliokuwa wanawacheka kwa nyimbo zao hawakuweza kucheka kitu kilichorudi.

Asipokubali? Warumi 12:18 ina masharti mawili ndani yake: "kama yamkini" na "kwa upande wenu". Upande wako ukiisha, umeisha. Nenda na shahidi mmoja wa heshima kwa wote wawili kama mstari wa 16 wa Mathayo 18 unavyosema, kisha uache. Angalizo: kama huyo ndugu anapiga au anatisha, usiende peke yako hata kidogo. Kusamehe hakudai ukae chumba kimoja na anayekudhuru.

Kuhusu kikoba: mweka hazina aambiwe Jumatano, siyo Ijumaa jioni baada ya kukosekana. Na asikope kikoba cha pili kulipa cha kwanza. Hilo ndilo linaua usingizi wa waumini wengi kuliko mapepo.

Nesi wa Zamu
Naongeza la mwili, maana huku kanisani linarukwa. Eliya, 1 Wafalme 19, alipotaka kufa hakupewa somo. Alilala, akaamshwa akala mkate na maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, ndipo akasafiri. Mazungumzo na Mungu yalikuja Horebu. Mtu anayekesha kila Ijumaa, kazini Jumamosi, kwaya mchana, ibada Jumapili, huyo akisema hana amani muulize kwanza analala saa ngapi. Mkesha mmoja kwa mwezi unatosha kwa mwenye tatizo la usingizi. Kahawa na chai ya rangi nzito zisipite saa nane mchana.

Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda vinaweza kuwa tezi ya shingo. Moyo kwenda mbio pamoja na kuchoka na kukosa pumzi unaweza kuwa upungufu wa damu. Vyote hupimwa kwa damu. Na ikiwa majonzi au kukosa hamu ya chochote vimekaa karibu kila siku kwa wiki mbili, hali wala halali vizuri, aende hospitali, aulize kitengo cha afya ya akili. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake usiku huo. Mpeleke, mchungaji ataombea njiani.

Aliye kwenye dawa za wasiwasi au sonona asiziache ghafla kwa sababu ameombewa akajisikia vizuri. Mara nyingi kujisikia vizuri ndiyo dawa inafanya kazi, na ukiikata ghafla baadhi hurudisha kizunguzungu na hofu maradufu ndani ya siku chache, kisha mtu anadhani ni shambulio la shetani. Kupunguza ni kwa daktari, kidogokidogo. Akitaka kufunga, aulize kwanza kama dawa yake inahitaji chakula. Ikihitaji, afunge mitandao ya kijamii badala ya kula.

Kijana wa Kwaya
Nimeelewa, Mungu awabariki. Zaburi ya 13 na simu ya mwenye nyumba, vyote kesho asubuhi.

Mzee wa Baraza
Simu ianze. Mwenye nyumba akishatoka nyumbani saa mbili hapatikani.