Mrejesho: viti vya kukunja vya kujilaza bustanini

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza nichukue viti vya kujilaza vya fremu ya chuma au ya alumini, kitambaa cha turubai au cha wavu wa plastiki. Nilifuata ushauri wa alumini na wavu, na hapo mlinitendea haki: mvua ikinyesha maji yanapita, jua likitoka kidogo tu unajilaza pakavu. Kutu hakuna.

Uliyesema nijilaze kabla ya kulipa, ubarikiwe. Kimoja kilipendeza macho, lakini bomba lake la katikati lilinichoma kiunoni. Nikakiacha hapohapo. (Muuzaji alininunia, potelea mbali.)

Kilichogoma ni vile vifuniko vya mpira vya miguuni. Sakafuni vinafaa, ila kwenye udongo laini miguu inazama vilevile, kwa hiyo natandika vipande vya mbao chini. Halafu alumini ni nyepesi mno. Upepo ukianza, vikunje mapema, la sivyo utavifuata kwa jirani. Na mnaponunua angalieni bawaba, zile zisizofunikwa zinabana vidole, hasa penye watoto.

Asanteni sana wote mliojibu.